Ree mbili na maneno matatu: kisa cha mcheza poka wa wikendi

Aliponiletea daftari lake hakuniuliza kama anacheza vizuri. Aliuliza kama ana mkosi. "Wewe unajua hesabu, kaka. Hebu angalia humu ndani uniambie kama mtu anaweza kuandamwa na karata."

Nitamwita mwenye daftari. Jina lake halimsaidii msomaji, na kisa chote kimo humo daftarini. Ni mtu wa kazi za mchana, ana mshahara wake, hadaiwi na kasino wala na mtu. Anacheza poka mara moja kwa wiki, kasino ileile, meza ileile ya madau madogo. Kwa karibu mwaka mzima aliandika kila usiku aliokaa: saa aliyoingia, chipu alizonunua, chipu alizokuwa nazo kila saa ilipotimia, na chipu alizopeleka dirishani kwa keshia alipoondoka. Wapo wenye maduka wasioweka kumbukumbu safi namna hiyo. Pembeni mwa tarakimu aliandika pia migao, yaani mizunguko ya karata, iliyomuuma, mingine mistari miwili, mingine kurasa nzima. Jumla ni usiku 41.

Nieleze meza yenyewe kwa ufupi kwa asiyeijua. Mchezo ni Texas Hold'em. Kila mmoja anapewa karata mbili za siri, kisha karata tano zinafunuliwa katikati kwa ajili ya wote: tatu kwa mpigo, halafu ya nne, halafu ya tano. Katika kila hatua unaweza kupita, kuweka chipu, kumfuata aliyeweka, kupandisha, au kutupa karata zako na kukaa pembeni. Waliobaki mpaka mwisho hufunua, na mwenye karata tano bora huchukua chipu za katikati. Kabla ya karata kugawiwa wachezaji wawili hulazimika kuweka dau dogo na dau kubwa, na kwenye meza hii ni chipu 1 na chipu 2. Ukikaa unanunua chipu 200, yaani madau makubwa 100. Kasino haichezi dhidi yako. Inakata asilimia 10 ya poti, ule mrundo wa chipu za katikati, mradi isizidi chipu 5, na haikati chochote mgao ukiisha kabla ya karata za katikati kufunuliwa. Kato hilo wachezaji wengi huliona kama vumbi la mezani. Nitalirudia.

Mgao wa ukurasa mmoja na nusu

Usiku nitakaouchambua ni wa 33, kwa sababu ndio uliomfanya aje kwangu. Aliingia saa mbili usiku. Ilipokaribia saa tano alikuwa bado na zile chipu zake 200, ndipo akapewa ree mbili, karata za juu kuliko zote, ya kopa na ya pau. Akapandisha hadi 10. Kijana aliyekaa viti viwili kushoto kwake akapandisha hadi 35. Yeye akaenda 90. Kijana akasukuma zote, naye akafuata bila kuvuta pumzi. Kijana akafunua wafalme wawili.

Ukiwa na ree mbili na mwenzako ana wafalme wawili, na chipu zote zimeshaingia kabla ya karata za katikati, unashinda takriban mara 82 katika kila mara 100. Karata tatu za kwanza hazikumsaidia yeyote, na ya nne vilevile. Ya tano ikawa mfalme wa uru: kijana ana wafalme watatu, na ree mbili zimeshindwa.

Mgao huo umeandikwa ukurasa mmoja na nusu. Kalamu imekandamizwa mpaka maandishi yanaonekana nyuma ya karatasi. Kuna mshale unaotoka kwenye "mfalme wa uru" kwenda pembeni, na pembeni ameandika: "Kwa nini kila mara mimi?"

Nilimjibu kwa hesabu ya mstari mmoja. Kwenye ule mgao kulikuwa na chipu kama 400 katikati. Kasino ikitoa 5 zake, asilimia 82 ya kilichobaki ni karibu 325, naye alikuwa ameweka 200. Uamuzi wake, ukiurudia mara elfu, unamwingizia wastani wa chipu 125 kila mara. Usiku ule ulimnyang'anya 200, lakini hakuna alichokosea. Hata kesho akipewa nafasi hiyohiyo naomba afanye vilevile.

"Hilo nalijua," akasema. "Lakini angalia mara ngapi imenitokea."

Nikaangalia. Daftari zima lina ree mbili mara sita, na mara zote sita ameshindwa. Mtu akisikia hivyo anaweza kweli kutafuta mganga. Ila ree mbili huja kwa wastani mara moja katika kila migao 221, na meza yenye mgawaji mzuri hutoa kama migao 30 kwa saa. Saa zake zote mezani zinafika 165 na nusu, yaani migao karibu 5,000. Kwa hiyo lazima alipewa ree mbili mara ishirini na kitu. Nikamuuliza: zile nyingine kumi na sita hivi ziko wapi?

Akanyamaza kidogo, halafu akacheka. Zilishinda. Zilimpa chipu 7, chipu 12, mara moja chipu 140, na hakuna aliyeandika chochote. Ushindi wa ree mbili ni kitu ambacho mtu hukitarajia, na kinachotarajiwa hakihitaji wino. Daftari lake lilikuwa sahihi kwenye tarakimu na lenye chuki kwenye maelezo. Mkosi wote alioniletea ulikuwa umeishi kwenye maelezo.

Mgao wa maneno matatu

Sasa twende chini ya ukurasa huohuo. Baada ya kupoteza zote, alikwenda dirishani akanunua 200 nyingine. Safu ya saa inasomeka 171, 188, 149, 181. Halafu, saa tisa kasoro robo usiku, karibu saa saba tangu akae, kuna mstari mmoja: "Mzee alipata tena." Kisha chipu alizoondoka nazo: 13.

Kutoka 181 mpaka 13 kwa maneno matatu. Nilimwomba anisimulie, na ilibidi nimvute neno kwa neno, kwa sababu mgao huu alikuwa ameanza kuusahau wiki nane tu baadaye. Ule wa ree mbili anaweza kuusimulia usingizini.

Alikuwa na ree ya kopa na tisa ya pau. Akapandisha hadi 8. Walifuata wawili: mchezaji wa nyuma yake na mzee mmoja mwenye kofia aliyekuwa na dau kubwa. Katikati chipu 25. Zikafunuliwa ree ya uru, kumi ya shupaza na sita ya shupaza. Mzee akapita. Mwenye daftari akaweka 15, yule mwingine akatupa, mzee akafuata. Karata ya nne, mbili ya kopa. Mzee akapita tena, mwenye daftari akaweka 35, mzee akafuata bila kusema neno. Katikati zimefika 125. Karata ya mwisho: nane ya shupaza.

Sasa mezani kuna shupaza tatu: mwenye mbili nyingine mkononi ana tano za aina moja, na hizo zinashinda ree mbili. Na mzee, ambaye alikuwa amepita tangu mwanzo, hakupita. Alihesabu chipu zake polepole kwa vidole viwili, akapanga vijinara, akasukuma 110.

Mwenye daftari anasema aliziangalia zile chipu kwa muda mrefu. Kisha akamwambia, "Mzee wangu, najua unayo."

"Basi tupa, mwanangu," mzee akajibu.

Akafuata. Mzee akafunua mfalme na bibi wa shupaza.

Tufanye hesabu hapa pia, maana hapa ndipo penye kisa. Alitakiwa kulipa 110 ili agombee 235 zilizokuwa katikati. Ili malipo hayo yasimtie hasara, alihitaji kuwa mbele karibu mara moja katika kila mara tatu. Je, mzee huyu hudanganya, yaani husukuma chipu bila karata nzuri, mara moja katika tatu? Nikarudi nyuma kwenye daftari, na kwenye usiku wa 30 nikakuta, kwa mwandiko wake mwenyewe, maneno haya: "Mzee wa kofia hadanganyi. Akianza yeye karata ya mwisho, kimbia." Usiku ule wa 33 mzee alikuwa ameanza yeye kwenye karata ya mwisho mara tatu kabla ya hapo, na mara zote tatu alifunua karata nzito. Tumhurumie mwenye daftari, tuseme mzee hutishia mara moja katika kumi. Bado kulipa 110 pale kunampotezea wastani wa chipu 75 hivi.

Kwa hiyo kwenye ukurasa mmoja tuna mgao ulioandikwa kwa uchungu, ambao uamuzi wake una thamani ya chipu 125 za faida, na mgao ulioandikwa kwa maneno matatu, ambao uamuzi wake ni hasara ya chipu 75. Neno "tena" ndilo lililonichoma zaidi. Linaonyesha alikuwa anajua.

Nilimuuliza kwa nini alilipa. Hakusema alidhani mzee anadanganya. Alisema: "Nilikuwa nimechoka kutupa."

Je, ni mchezaji mbovu?

Kwenye daftari zima, usiku 23 aliondoka na faida na usiku 18 aliondoka na hasara. Hilo lilimfanya ajione mshindi aliyeonewa, na ni rahisi kuona kwa nini: ukishinda zaidi ya nusu ya siku unazocheza, unajiuliza pesa zinakwenda wapi. Jibu limo kwenye ukubwa. Usiku wa faida ulimpa wastani wa chipu 96. Usiku wa hasara ulimchukulia wastani wa chipu 170. Zidisha, toa, na unapata hasi 852. Kwa lugha ya mezani, amepoteza madau makubwa 426.

Watu wengi wangesimama hapo na kutoa hukumu. Mimi ningependa wasisimame. Poka ni mchezo unaotikisika vibaya sana. Kwenye meza ya aina hii, matokeo ya migao 100 huyumba kwa kawaida kama madau makubwa 80 au 90 juu na chini ya wastani wa mchezaji, awe hodari au hafai. Migao 5,000 ni mafungu 50 ya namna hiyo, na mtikisiko haukui kwa kuzidisha moja kwa moja bali kwa kipeuo cha pili, kwa hiyo unapata karibu madau 600. Maana yake mchezaji asiye na faida wala hasara anaweza kabisa kumaliza mwaka akiwa chini 426 au juu 426, na kusiwe na cha kushangaza. Mwaka mzima wa usiku wa wikendi, hesabu zimetunzwa vizuri, na jumla yake peke yake haitoshi kusema kama mtu huyu anajua kucheza.

Hapa alikasirika kidogo. Alitaka nimwambie ana mkosi au nimwambie ni mjinga, na mimi namwambia tarakimu ya chini ya ukurasa haisemi.

Ila kuna tarakimu nyingine zinazosema.

Ya kwanza ni kato. Tuseme katika migao 30 ya saa moja, 20 hivi hufika kwenye karata za katikati, na kasino hukata wastani wa chipu 4 kila mmoja. Ni chipu 80 kwa saa zinazoingia kwenye kile kitundu cha mezani, zikigawanywa kwa watu tisa ni karibu 9 kwa kila mtu. Ongeza bakshishi ya chipu moja moja anayompa mgawaji kila akivuta poti ya maana, na unafika kama 11 kwa saa. Kwa saa 165 na nusu ni chipu 1,820. Rudia hiyo: amepoteza 852, na aliyoyalipa kwa kukaa tu ni zaidi ya mara mbili ya hayo. Dhidi ya binadamu waliokaa naye mezani, mwenye daftari yuko mbele karibu chipu 970. Bado ni ndani ya mtikisiko, sijifanyi kuwa nimethibitisha kitu, lakini picha imegeuka. Hashindwi na kijana mwenye wafalme wala na mzee wa kofia. Anawashinda hao kwa kiasi fulani, kisha anailipa meza zaidi ya alichowashinda.

Hii ndiyo sababu kwenye meza za madau madogo mchezaji wa kawaida asiye na makosa makubwa bado huisha polepole. Kato la chipu 5 ni madau makubwa mawili na nusu hapa. Kwenye meza ambayo dau kubwa ni chipu 10, kato hilohilo ni nusu ya dau. Sikumshauri apande meza, tafadhali nisieleweke hivyo. Huko juu wamekaa watu wanaokula kwa kazi hiyo.

Saa ya tatu

Ya pili ilinichukua muda zaidi, na mwanzoni niliikosea.

Niliona kwamba usiku wa faida alikaa wastani wa saa mbili na nusu, na usiku wa hasara alikaa saa sita. Nikaruka: kumbe akishinda anakimbia, akishindwa anang'ang'ania! Hilo ni kweli, na wataalamu wameshalichunguza. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha kwamba mtu aliye kwenye faida hupenda kuilinda, na mtu huyohuyo akiwa kwenye hasara hukubali kubahatisha ili afute hasara. Mwaka 1985 Hersh Shefrin na Meir Statman walieleza tabia hiyo kwa wenye hisa: huuza mapema zilizopanda, hushikilia zilizoshuka. Mwenye daftari hakuwa na hisa ila alikuwa na kiti.

Lakini tabia hiyo peke yake haipotezi chipu hata moja. Kama unacheza vizuri kiasi kilekile saa ya kwanza na saa ya saba, basi kuondoka mapema au kuchelewa kunapanga upya tu namna faida na hasara zinavyoangukia usiku tofauti. Utapata ushindi mwingi mdogo na vipigo vichache vikubwa, na jumla haibadiliki. Karata hazijui kama uko chini au juu. Kwa hiyo "ondoka ukiwa mbele", ule ushauri wa kila mtu aliyesimama nyuma ya kiti chako, hauna maana kihesabu. Swali la kuuliza ni moja: je, saa za mwisho anacheza yuleyule?

Na hapo ile safu ya saa kwa saa ikawa dhahabu. Nilichukua usiku wote 22 uliovuka saa tatu, ule 18 wa hasara na minne ambayo alijikwamua, nikakata kila mmoja mahali saa ya tatu ilipotimia. Sehemu za kabla ya hapo, pamoja na usiku mfupi wote, ni saa 105 na nusu, na jumla yake ni faida ya chipu 158. Sehemu za baada ya hapo ni saa 60, na jumla yake ni hasara ya chipu 1,010.

Msomaji makini atauliza: si umechagua usiku mbaya? Nimechagua usiku uliokuwa umeharibika kabla ya saa ya tatu, ndiyo, lakini nimehesabu kilichotokea baada yake. Kama angekuwa mchezaji yuleyule, hizo saa 60 zingetakiwa kufanana na zile nyingine. Kwa saa 60 mtikisiko wa kawaida ni kama chipu 730, kwa hiyo hasi 1,010 si ushahidi wa mahakamani. Ni kidole kinachoelekezwa upande mmoja, na kwenye maelezo nikakuta vidole vingine vinaelekea hukohuko. Migao ya mstari mmoja, ile ya "alipata tena", "nikafuata", "sikuamini", iko kumi na tano daftari zima. Kumi na mbili kati yake imeandikwa baada ya saa ya tatu. Kurasa ndefu za malalamiko nyingi ziko kabla.

Yaani anapopoteza kwa bahati anaandika sana, na anapopoteza kwa kuchemka anaandika kidogo. Nilimwonyesha kwa kuweka kidole kwenye kila mstari mfupi. Kufika wa sita akasema, "Basi inatosha, nimeona."

Kitu kilichokuwa nje ya daftari

Nilimuuliza pia jambo ambalo halikuandikwa. Usiku wa 33 alinunua chipu mara mbili. Nyumbani alisema nini?

Alimwambia mkewe kwamba alinunua mara moja tu.

Mimi si daktari, lakini sikutaka kulipita. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la mwaka 2013, unaorodhesha dalili tisa za ugonjwa wa kamari, na nne au zaidi ndani ya miezi 12 ndizo zinazoita ugonjwa. Kurudi kufukuzia ulichopoteza ni mojawapo. Kuficha ni nyingine. Nyingine ni kukopa ili kujikwamua, kushindwa kupunguza kila ukijaribu, kuhitaji dau kubwa zaidi ili usikie msisimko uleule, kuhatarisha kazi au ndoa. Tulipitia moja moja bila haraka. Alikubali mbili, akakataa nyingine, na hesabu zake zilimuunga mkono: hajawahi kununua zaidi ya mara mbili kwa usiku, na dau lake halijapanda tangu usiku wa kwanza. Nilimwambia nikiona ya tatu nitarudi kwenye mazungumzo hayo kabla ya mazungumzo ya karata. Hakulipenda. Wiki iliyofuata alimwonyesha mkewe daftari, na nilijua kwa sababu ukurasa wa 33 sasa una alama ya kuuliza kwa kalamu ya rangi nyingine, si mwandiko wake wala wangu.

Kilichofuata

Tulikubaliana mambo machache. Saa tatu zikitimia anasimama, awe juu au chini, na si kwa sababu ya kulinda faida bali kwa sababu baada ya hapo anayekaa kwenye kile kiti ni mtu mwingine. Ananunua mara moja tu. Na kila mgao anaouandika aandike kwanza alichokuwa anajua wakati wa kuamua, kisha ndiyo matokeo. Hilo la tatu lilikuwa gumu kuliko yote. Mara mbili nilimkuta ameanza na matokeo, akakata kwa mstari, akaanza upya.

Sikumuahidi faida. Kwa saa tatu kwa wiki, kwa kato lile, kama anacheza jinsi saa zake 105 zinavyoonyesha, anabaki palepale alipo: kitu kama chipu moja na nusu kwa saa, ambayo kesho inaweza kuwa hasi. Nilimwambia hivyo kwa maneno hayohayo. Akajibu kwamba wanaokwenda kuvua samaki hawaulizwi faida kwa saa, nikakosa la kusema.

Usiku sita wa kwanza alisimama kwa wakati. Miwili kati yake aliondoka na hasara, na mmoja aliniandikia ujumbe kutoka kwenye foleni ya keshia: "Niko chini 120 na mikono inawasha." Wa saba ndio alioniletea mwenyewe, kwa furaha isiyolingana na tarakimu, maana aliondoka chini chipu 64.

Alikuwa na ree na ghulamu. Ree mezani, shupaza hazipo, karata za katikati hazitishi. Mzee wa kofia alipita mara mbili, akafuata mara mbili, halafu kwenye karata ya mwisho akahesabu chipu kwa vidole viwili na kusukuma 90. Daftari linasema: "Najua: mzee huanza yeye akiwa nayo. Najua: usiku wa 30, 33. Najua: nahitaji mara moja katika tatu, sioni hata moja katika kumi. Natupa."

Akatupa. Mzee akamsogezea mgawaji karata zake zikiwa kifudifudi, akavuta poti, akarekebisha kofia. Chini ya mgao huo, mahali ambapo siku zote huandika karata za mwenzake, mwenye daftari ameacha nafasi tupu ya mistari miwili.

"Nilimwomba anionyeshe," aliniambia. "Amekataa."